Chai ya Baada ya Stima

Watu wa Eneo la Viwanda, hapa Thika, wakisikia jina la Wayua siku hizi husema, "Yule wa chai?" kisha huishia hapo, kana kwamba hilo linatosha kumweleza mtu. Nimefanya kazi naye miaka mingi, mimi upande wa maabara, yeye upande wa umeme na vidhibiti. Ruiru tunaishi jengo moja, nyuma ya ukuta wa mtaa wa Membley, upande ambao ukuta haujapakwa rangi. Kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa. Sitaki kumtetea. Yeye mwenyewe hajaniomba, na sijui kama ningeweza.

Alizaliwa Yatta, mtoto wa pili wa mama aliyelima ndengu na mbaazi kwenye ardhi ambayo mahindi huikataa mwaka mmoja na kuikubali mwaka mwingine. Alikuwa na akili ya hesabu na hakuwa na subira ya kusuka vyondo, jambo ambalo mama yake alilizungumzia kama ugonjwa. Alikuja Thika kusomea umeme, katika darasa la wavulana watupu, isipokuwa yeye na msichana mwingine aliyeacha masomo akaolewa. Aliwahi kuniambia kwamba chuoni alijifunza mambo mawili. La kwanza, kusoma mchoro wa nyaya. La pili, kutokiri mbele ya wanaume kwamba kuna kitu chako kibovu, kwa sababu watasahau ulivyokitengeneza na kukumbuka tu kwamba kiliharibika. La kwanza lilimpa kazi. La pili lilimkaa mwilini polepole, kama baridi ya sakafu.

Kiwanda chetu hupika maharagwe yaliyokwisha kutiwa kwenye mikebe. Mikebe huingizwa ndani ya matangi marefu ya chuma, mlango hufungwa, mvuke huingia, na joto hupanda mpaka digrii mia moja ishirini na moja. Hapo lazima likae kwa muda uliopangwa bila kushuka. Likishuka, hesabu ya muda huanza upya, kwa sababu kuna vijidudu ambavyo joto la kawaida la kuchemsha haliviui, na hivyo ndivyo vinavyoua watu. Hilo mtu yeyote aliyefanya kazi kwetu wiki moja analijua.

Mtu wa matangi alikuwa Kitonga. Yeye pia ni wa upande wa mashariki, wa Ngoliba, mrefu, mwenye sauti ya kwaya ya kanisa na mdomo usiotulia. Wayua alipoajiriwa, Kitonga ndiye aliyemzungusha kiwandani siku ya kwanza, akimwonyesha mahali ambapo sakafu huteleza na bomba lipi lisiguswe hata likionekana baridi. Alimwita mwiitu, yaani binti, na Wayua alimwita Baba Kimeu, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Baba yako alijuaje utakuwa fundi?" alimuuliza mbele ya kila mtu. "Wayua wa waya. Ukizaa mwingine mwite Swichi."

"Na wewe ukizaa mwingine?"

"Mimi nimefunga kiwanda, mwiitu. Mama Kimeu alichukua funguo."

Ndivyo walivyokuwa. Nayasema haya kwa sababu wanaosimulia kisa hiki wakisimama langoni hudhani wawili hawa hawakupendana tangu mwanzo.

Sasa kuhusu mitambo. Matangi yanaongozwa na kidhibiti, ile kompyuta isiyo na uso ambayo sote tunaiita PLC, iliyofungwa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Kwa muda mrefu nilidhani PLC inalijua joto la tangi kama ninavyolijua joto la kikombe nikikishika. Wayua alicheka nilipomwambia. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la nje, karibu na geti, tukila ndizi.

"Haijui kitu," alisema. "Iko kama mkubwa wa ofisi. Inajua tu kile imeletewa."

Akanieleza kwa utaratibu wake, akichora kwa kidole juu ya goti. Kila tangi lina mita yake ya joto, na mita zile ni za kampuni tofauti na PLC, hazisemi lugha yake. Kwa hiyo ubavuni mwa PLC kuna moduli ya mawasiliano, kisanduku kidogo ambacho kazi yake ni utume. Kutoka kwenye moduli unatoka waya mmoja wenye nyuzi mbili, nao unazipitia mita zote kama kamba ya kuanikia nguo inayopita nyumba hadi nyumba. Kila mita ina namba yake. Moduli huita namba moja, "Joto lako?" na zote husikia, lakini hujibu aliyeitwa tu. Jibu huja kwa mfululizo, alama moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaovuka daraja jembamba. Kisha huitwa namba mbili. Wawili wakijibu pamoja hakuna kinachosikika. Mmoja akisema haraka kuliko mwendo waliokubaliana, hakuna kinachosikika.

"Moduli ikishapokea jibu, inaliweka kwa rafu yake," alisema. "PLC inakuja, inachukua, inaandika kwa kumbukumbu yake yenyewe, ndiyo wewe unaona kwa skrini. Sasa sikia ubaya wake. Ile kumbukumbu haifutiki stima ikipotea. Ina betri."

"Si hiyo ni nzuri?"

"Ni nzuri kama ya jana ndiyo ya leo."

Ubaya alioumaanisha ni huu. Stima ikipotea na kurudi, PLC huamka upesi. Moduli huchelewa, maana lazima ijikague na kuutafuta waya wake wote kwanza. Mwendeshaji akibonyeza kitufe cha kuendelea kabla moduli haijawa tayari, PLC hutuma swali lake la kwanza kwa mtu aliyelala. Swali linapotea. Na waliouandika mpango wa mtambo ule, watu wa mbali waliokuja kuusimika wakaondoka, hawakuiambia PLC kwamba ikikaa bila jibu iulize tena. Basi inangoja. Inangoja jibu la swali ambalo hakuna aliyelisikia, na wakati wote huo skrini inaonyesha joto la kabla ya stima kupotea, bila kengele wala taa nyekundu.

Wayua aliligundua hilo mwaka wake wa kwanza, stima ilipopotea wakati wa mvua naye akaona namba iliyoganda kama picha ya ukutani. Alienda kwa meneja wa uzalishaji wa wakati ule, akaomba laini ya uzalishaji isimamishwe kwa muda mfupi ili auguse mpango na kuongeza mistari michache ya maagizo. Meneja akamwambia msimu wa maagizo ukiisha. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Akaomba tena, akaambiwa kwamba mtambo unaofanya kazi hauguswi. Hakuomba mara ya tatu. Alitafuta njia yake.

Njia yake ilikuwa chai. Aliwaambia waendeshaji kwamba stima ikirudi, mtu asibonyeze kitu. Wachemshe chai kwenye kile chumba cha nyuma, wainywe, warudi, ndipo waendelee. Walimuuliza kwa nini. Akawaambia mitambo ni kama watu, haipendi kuamshwa na kutumwa papo hapo. Wakacheka, na kwa kuwa hakuna mfanyakazi anayekataa chai, sheria ikashika kuliko mabango yote ya usalama yaliyowahi kubandikwa pale. Stima ikipotea utamsikia Kitonga akiimba kutoka upande wa matangi, "Masufuria jikoni, Bwana anakuja." Wageni waliipokea kutoka kwa wenyeji. Ikawa desturi ya mahali, kama ilivyo kwingine watu kutokupiga mluzi ndani ya nyumba, na hakuna aliyeuliza tena sababu yake.

Nilimuuliza mimi, baada ya ile siku ya ndizi. "Mbona hukuwaambia tu?"

"Niwaambie skrini inaweza kudanganya? Waanze kuogopa kila namba? Halafu ifike kwa wakubwa kwamba sehemu ya Wayua ina ugonjwa." Alitupa ganda. "Chai watu hawasahau."

Alisema kweli. Hawakuisahau. Iliondolewa.

Aliyeiondoa ni Kiama, meneja mpya, mtu wa Ruiru hapa hapa, kijana kuliko mimi, mwenye shati lililopigwa pasi hata Ijumaa. Sitamfanya shetani. Alikuja akakuta kiwanda ambacho kila stima ikikatika watu wanasimama wanakunywa chai, na mwaka ule stima ilikatika sana. Meneja yeyote angeuliza. Na yeye aliuliza vizuri, mkutanoni, wakuu wa sehemu wote wakiwa wameketi. Nilikuwepo kwa niaba ya maabara.

"Hii chai," alisema. "Nataka nielewe. Kuna sababu ya kiufundi?"

Watu walitazama chini. Kisha wakamtazama Wayua.

Lazima niseme alikuwa katika hali gani siku hiyo. Alikuwa kaimu mkuu wa sehemu ya vidhibiti kwa muda uliopita adabu, akifanya kazi ya mkuu bila cheo cha mkuu. Siku chache kabla, Kui wa ofisi ya wafanyakazi alikuwa amemnong'oneza ngazini kwamba mwezi ule atathibitishwa. Alikuwa ameshamwambia binti yake Mutheu. Alikuwa ameninunulia soda mimi.

"Mitambo huhitaji muda kidogo kuamka," alisema.

"Mtambo si bibi harusi," alisema Kiama, na wanaume wakacheka, hata wale wa umeme waliokuwa chini ya Wayua. "Muda kidogo ni kiasi gani? Iko kwa kitabu cha mtambo?"

"Haiko kwa kitabu."

"Basi ni mazoea."

Angeweza kusema hapo kwamba PLC ile inauliza mara moja tu, kwamba namba inaweza kuganda. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akasema, "Ni vizuri tu kungoja, bosi," kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Stima ikirudi, kazi irudi," alisema Kiama, na mkutano ukahamia kwenye mambo ya makasha.

Jioni hiyo tulipofika Ruiru aliniambia ana mpango. Akishathibitishwa hatahitaji kuomba ruhusa ya mtu. Ataisimamisha laini kwa mamlaka yake, aandike ile mistari, yaishe. Ni suala la mwezi ule tu. Nilimwambia awaambie watu wa matangi katika muda huo wa kungoja, kimyakimya. Akasema akiwaambia leo, kesho Kiama atauliza kwa nini hakuambiwa yeye.

Stima ilipotea Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana, tangi la tatu likiwa katikati ya mapishi. Iliporudi Kitonga alisimama mbele ya kitufe. Mwenzake aliniambia baadaye kwamba aliangalia kwanza mlango wa kile chumba cha nyuma, kwa mazoea, halafu akasema, "Haya, tumekuwa Wazungu," akabonyeza. Skrini ikamwonyesha mia moja ishirini na moja. Alifurahi. Alidhani tangi halikuwahi kupoa na kwamba hatalazimika kuanza hesabu upya. PLC nayo ilipoona joto limetosha haikufungua mvuke. Kwa hiyo tangi likawa linapoa huku saa ikihesabu, na muda ulipotimia mlango ukafunguliwa, mikebe ikatoka imeng'aa kama mikebe mingine yote.

Upo upande mwingine, na niuseme kwa haki. Pembeni mwa kila tangi pana kipimajoto cha kioo kisichotegemea umeme wala moduli wala mtu. Mwendeshaji hutakiwa kukitazama kila mapishi. Kioo cha tangi la tatu kilikuwa na ukungu, na kiko upande wa nyuma, na mtu mmoja alikuwa na matangi matatu. Kwa miaka watu wote, wazuri na wavivu, walikuwa wakisoma skrini. Kitonga alisoma skrini.

Maabara huchukua mikebe michache ya kila pishi na kuiweka kwenye chumba cha joto ili kuona kama kuna kitakachoota ndani. Nilifungua chumba kile nikakuta mikebe ya tangi la tatu imevimba, vifuniko vimetokeza kama matumbo ya watoto wenye njaa. Pishi lote lilikuwa bado ghalani. Halikutoka. Namshukuru Mungu kwa hilo, na ni shukrani yangu ya pekee katika habari hii. Niliandika ripoti nikaipeleka, kisha nikaenda kumtafuta Wayua kabla hajasikia kwa mwingine. Nilimkuta ngazini. Nilisema "tangi la tatu" tu, naye akaketi pale pale kwenye ngazi, na fundi mwenzake aliyepita akamuuliza kama ameteleza.

Kitonga aliitwa ofisini. Alikuwa na muda mfupi umebaki astaafu, na kwa mujibu wa kanuni zetu mtu akifukuzwa kwa uzembe haondoki na marupurupu ya utumishi wake. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na kila mtu chumbani alilijua: Kiama, Kui, mimi na ripoti yangu, Wayua kama kaimu mkuu wa vidhibiti, na Kitonga mwenyewe, kofia mkononi.

"Ulitazama kipimajoto cha kioo?" aliuliza Kiama.

"Nilitazama skrini."

"Nimeuliza kioo."

"Hapana, bosi. Kioo sikutazama."

"Skrini ilisema ngapi?"

"Mia moja ishirini na moja. Haikutingika."

"Haikutingika stima ikiwa imepotea dakika zote hizo, na wewe hukushangaa?"

Kitonga aligeuza kofia. "Nilidhani Mungu amenihurumia."

Kui aliinamisha uso ili asionekane akitabasamu. Kiama akamgeukia Wayua. "Kidhibiti kina tatizo? Nataka neno moja, nifunge hii maneno. Ndiyo ama hapana."

Nilijua, na yeye alijua, kwamba barua ya cheo chake ilikuwa kwenye faili la Kui, juu ya meza ile ile.

"Ndiyo," alisema Wayua. "Nipeni nafasi niwaonyeshe."

Tulishuka wote. Alipasha tangi moja tupu, joto likafika tisini na nane. Akakata stima kwenye swichi kuu, akairudisha, akabonyeza kitufe mara moja bila kungoja. Kisha akafungua mlango wa tangi, mvuke ukatoka, akamwagia maji ya bomba ndani mpaka chuma kikaacha kutoa moshi. Akaweka kiganja chake kwenye ukuta wa ndani. Skrini ilisema tisini na nane. Tulisimama mbele ya tangi lililo wazi, tukiona mpaka sakafu yake, na skrini ikaendelea kusema tisini na nane, kwa utulivu, bila aibu.

"PLC imeuliza, moduli haikuwa imeamka," alisema. "Sasa inangoja. Haitauliza tena mpaka pishi jipya lianze ama mtu azime kila kitu. Ukisubiri kabla ya kubonyeza, haitokei."

Kiama hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Ile chai," alisema.

"Ile chai."

"Umejua hii kitu tangu lini?"

"Tangu mwaka wangu wa kwanza. Nilimwambia aliyekutangulia, mara mbili. Alisema laini haisimami."

"Na mimi?"

Wayua aliuondoa mkono wake kwenye tangi.

"Nilikuuliza mbele ya watu," alisema Kiama. "Nilikuuliza kama kuna sababu ya kiufundi. Nilikuuliza, Wayua, sikukisia. Uliniambia ni vizuri tu kungoja."

Yule aliyekuwa meneja kabla yake yuko kampuni nyingine sasa, amepanda. Hakuna aliyemwita. Wayua alisimama huku kiganja chake kikiwa kimelowa, na nilimwona akimtafuta Kitonga kwa macho, na Kitonga alikuwa ameangalia skrini. Aliiangalia muda mrefu, kama mtu anayemwona mkewe sokoni na mwanamume mwingine.

Uamuzi ulitoka wiki ile ile. Kitonga alifukuzwa. Hitilafu ya mtambo, ilielezwa, ndiyo hasa sababu ya kipimajoto cha kioo kuwekwa, na asiyekitazama hawezi kujitetea kwa hitilafu ambayo angeiona kama angekitazama. Huwezi kuipata kasoro katika hoja hiyo; nimeitafuta. Wayua hakufukuzwa, kwa sababu hawakuwa na mwingine aliyeufahamu mtambo. Aliondolewa ukaimu na kupelekwa upande wa pampu za maji, na barua ile ikabaki kwenye faili. Alisema ukweli, na ukweli haukumwokoa yule aliyesemewa. Ulifika baada ya kitufe kubonyezwa.

Waliita fundi wa mkataba kutoka Nairobi, Omondi, mtu mpole. Laini ilisimamishwa kwa ajili yake bila swali. Aliandika mistari ambayo Wayua alikuwa nayo kichwani miaka yote: stima ikirudi, futa joto la zamani, uliza, jibu lisipokuja, uliza tena, ukikosa mara kadhaa, piga kengele na uifunge hesabu ya muda. Alimaliza kabla mahindi ya kuchoma aliyoletewa hayajapoa. Alimwita Wayua kutoka kwenye pampu aje aone kama kuna alichosahau.

"Iko sawa?" alimuuliza.

"Iko sawa."

"Hii ni kazi ndogo, dada. Mbona haikufanywa?"

Wayua alimwambia laini ilikuwa haisimami. Alisema hivyo tu, akarudi kwenye pampu.

Jumapili moja baada ya kanisa alienda Ngoliba kumwona Kitonga. Hakuniomba tuende wote, na nilijua aliporudi tu kwamba alikuwa amekwenda, kwa vumbi jekundu kwenye viatu vyake vya ibada. Aliniambia usiku ule jikoni kwangu, akiwa amesimama, kana kwamba hakustahili kiti. Ninayaandika kama alivyoyasema.

Alimkuta ameketi nje, kando ya ghala la mahindi, akipukuchua. Mama Kimeu alimkaribisha, akampa kiti, akamletea isyo, yale mahindi na maharagwe ambayo kwingine huitwa githeri, kwa sababu mgeni ni mgeni. Wayua alikula kidogo. Akaeleza. Aliomba msamaha kwa Kikamba, ambacho kina njia ndefu za kuomba msamaha, akazipita zote. Alisema alikwenda kwa wakubwa mara mbili. Alisema aliianzisha chai ili kuwalinda. Alisema ofisini alijua anapoteza cheo na bado alisema. Kitonga alimsikiliza bila kuinua macho kwenye gunzi.

"Ile chai," alisema hatimaye, "ungeniambia ni ya nini."

"Baba Kimeu, nilidhani..."

"Ngoja nimalize. Ungeniambia ni ya nini, huyo Kiama hata angekuja na polisi nisingebonyeza. Ningesimama hapo kama nguzo. Ama nikibonyeza, ningekimbia kuangalia kioo. Wewe ulijua niko hivyo. Ulinijua." Akatupa gunzi. "Lakini ulitufundisha kama ng'ombe anavyofundishwa njia ya mtoni. Anaenda kila siku, anakunywa, anarudi. Hajui ni kwa nini hapitii ile njia ingine. Siku amebadilishiwa mchungaji, anafuata mchungaji."

Wayua aliniambia kwamba kilichomuumiza si hasira, kwa sababu hakukuwa na hasira. Kitonga aliongea kama alivyokuwa akiongea siku ile ya kwanza akimwonyesha mabomba.

Wayua alikaa kidogo zaidi. Mama Kimeu akauliza habari za Mutheu na shule, akajibiwa. Jua lilipoanza kuinama Wayua aliaga. Sisi watu wa upande huu, tuwe Wakamba tuwe Wakikuyu, hatumwachi mgeni aondoke peke yake. Hata mdai husindikizwa mpaka barabarani, na maneno yanayoshindikana nyumbani mara nyingi husemwa huko njiani. Wayua alikuwa ameitegemea njia hiyo. Alisimama kando ya kiti chake, mkoba begani, akangoja. Kitonga alichukua gunzi lingine. Mama Kimeu aliinuka, akatafuta patipati zake chini ya benchi, akaanza kuzivaa.

"Keti," mumewe alimwambia, bila kupandisha sauti. "Njia anaijua."